Mayai Hayamngoji Mwenye Ploti

Binti mmoja mwenye tableti aliwahi kunijia mlangoni, hapa Kawangware, akaniuliza kama nimeikubali tokeni ya stima, yaani stima ya kulipia kabla ya kuitumia. Alikuwa na adabu, hata viatu alivivulia nje. Akaniambia nijibu kwa namba: moja kama sikuipenda kabisa, tano kama niliipenda sana. Nikamuuliza, "Na kama niliipenda, halafu nikaichukia, halafu nikaipigania hadi nikafukuzwa nyumba, hiyo ni ngapi?" Akacheka, akasema kile kitu chake hakina mahali pa kuandika hayo. Nilimwambia aweke tatu, kwa kumhurumia tu, maana jua lilikuwa kali na alikuwa bado na ploti nzima ya kumaliza.

Lakini swali lake liliniudhi, na bado linaniudhi. Watu wa ofisini hupenda kuuliza kama sisi wa mitaa ya mabati tumekubali jambo, utadhani sisi ni mbuzi wanaofundishwa kunywa maji ya mfereji. Basi nitajibu hapa, ambapo nafasi ipo.

Tokeni ilinikuta Kibera, Kambi Muru. Kabla yake tulikuwa na sambaza. Sambaza ni waya unaotoka kwa jirani wa jirani, unatambaa juu ya mabati, unaingia kwako kwa tundu la msumari, na kila mwezi unamlipa yule bwana aliyeuvuta. Mita hakuna, risiti hakuna. Bwana wetu wa sambaza hakuwa mtu mbaya. Kwenye matanga alikuwa wa kwanza kuleta majani ya chai na sukari, na kama huna kitu mwezi huo ungeweza kumlilia akakungoja. Ila stima yake ilikuwa na hasira za bibi harusi aliyenyimwa mahari. Leo inawaka mpaka balbu inapasuka, kesho imezima na mwenyewe amelala, simu haishiki.

Wengine hilo waliliweza. Mimi sikuliweza, kwa sababu kazi yangu ni kuangua mayai. Mashine yangu ilitengenezwa na fundi wa mbao wa Kisumu Ndogo. Alichukua friji iliyokufa, akaing'oa matumbo, akatia balbu nne, feni ya kompyuta na kipima joto. Wanawake huniletea mayai ya kuku wa kienyeji, kila mmoja ameyatia alama yake kwa penseli: msalaba, duara, mistari miwili. Penseli, si kalamu ya wino, maana wino hupenya ganda. Nayageuza asubuhi, mchana na jioni kwa siku kumi na nane, kisha nayaacha yatulie mpaka ya ishirini na moja. Katika kila vifaranga kumi, wawili ni wangu. Hakuna aliyewahi kunidai zaidi wala mimi kudai zaidi. Wahenga walisema kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei. Wahenga hao hawakuwahi kuniona mimi na friji yangu.

Sasa, sambaza ikizima siku mbili, mayai yaliyo ndani yanakufa. Si kwamba yanaharibika tu. Yanakufa, kwa sababu ndani mna moyo unaopiga. Safari moja ilizima hivyo, na nililazimika kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia wanawake kumi na mbili kwamba sina kitu cha kuwapa. Mmoja wao alinifungia mlango. Ndiyo maana magari ya kampuni ya umeme yalipokuja na nguzo zao na mita za tokeni, katika safu yetu mimi ndiye niliyesema ndiyo kwanza.

Majirani walinichukia. Si kidogo. Jirani yangu muuza mandazi aliniambia, "Wewe umeskia wapi mtu analipia ugali kabla haijasongwa?" Mwingine akasema tokeni ni stima isiyo na huruma, ikiisha imeisha, hata mtoto awe anaumwa. Hilo la pili lilikuwa kweli na sikulibishia. Huwezi kuililia mita. Bwana wa sambaza naye alikuja mwenyewe, akasimama kwenye mtaro akasema, "Mathe, wewe ndio unatuletea serikali hapa."

"Sijaleta serikali," nikamwambia. "Nimeleta kuku. Na ukigusa huo waya wangu, utaleta maelezo kwa wanawake wote wenye mayai humu."

Hakuugusa. Nami nikaanza maisha ya tokeni, na nakiri nililewa kabisa. Kulikuwa na kidude cha kubonyezea, cha ukubwa wa simu ya zamani, unachochomeka ukutani. Mita yenyewe ilikuwa juu ya nguzo, mbali na mikono. Unanunua kwa simu, unatumiwa namba ishirini, unazibonyeza, kidude kinalia, unaona uniti zako. Kila asubuhi niliziangalia kama ninavyoangalia unga kwenye mkebe, nikajua nimebaki na nini. Kwa mara ya kwanza tangu nije Nairobi hakuna mwanamume aliyekuwa katikati yangu na mwanga wangu.

Kisha nyumba zetu zikapigwa ile alama nyekundu ya X, kwa kuwa barabara ilitaka kupita, na tukapewa siku chache. Nilipata chumba Kawangware, upande wa Kabiro. Mtu wa Kibera akihama haachi kitu. Anafungua balbu, anang'oa kitasa, misumari, komeo, kamba ya nguo, anakunja lile zulia la plastiki pamoja na mchanga wake. Nami wiki moja kabla ya X nilikuwa nimenunua uniti nyingi kwa ajili ya mayai. Sikuwa tayari kuliachia buldoza hata moja. Nikachomoa kidude, nikakifunga kwa kitenge, nikakiweka ndani ya sufuria, na nikakaa karibu na hiyo sufuria njia nzima. Nilijiona mjanja sana.

Kabiro nikakichomeka. Kikawaka taa nyekundu, kikaandika neno la kosa. Nikakichomoa, nikakipuliza, nikakichomeka tena. Kosa. Kesho yake nikaenda ofisi ya kampuni na kidude changu kwenye mfuko, nikapiga foleni tangu asubuhi, na nilipofika dirishani nikamwambia yule dada, "Uniti zangu zimekwama humu ndani. Nifungulie."

Akakigeuzageuza. "Mama, mita yako iko wapi?"

"Si hiyo umeshika?"

Nyuma yangu mtu alianza kucheka, na kicheko kikatembea foleni nzima. Dada wa dirishani hakucheka, Mungu ambariki. Alinieleza polepole kwamba uniti hukaa kwenye mita, mita iko kwenye nguzo, na nguzo iko Kambi Muru, yaani nilikuwa nimehama na kitu kisicho na faida zaidi ya rimoti iliyoachana na televisheni yake. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mimi nikiaibika huwa nakuwa mkaidi, kwa hiyo sikuondoka. Nikamuuliza, sasa hii rimoti ifanye nini?

"Inaweza kufanya kazi na mita ingine yoyote ya aina hii," akasema. "Unaingiza namba ya mita ya hapo kwanza, halafu inaishika. Namba imeandikwa usoni pa mita. Si siri. Hata wewe ukitaka kuninunulia mimi tokeni, ukiwa na namba yangu unaninunulia tu."

Nilitoka pale nimeinua kichwa. Kupotea njia ndiko kujua njia, na foleni nzima ilikuwa imecheka kwa kitu ambacho wao wenyewe, nina hakika, hawakukijua.

Katika ploti yangu mpya hakuna aliyekijua. Tulikuwa vyumba kumi na viwili, mita moja. Mita iliwekwa juu ya ukuta karibu na geti, ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli. Kidude chake kilikaa nyumbani kwa mwenye ploti, aliyeishi chumba cha mbele, na hakuna mpangaji aliyewahi kukiona. Kila Jumamosi tulimpelekea pesa za stima, yeye "anajaza." Mchana alikuwa anazima swichi kuu, akisema Mungu ametupa jua bure. Nilipohamia nilimweleza mambo ya mayai, akakubali kuacha swichi wazi mradi nilipe zaidi ya wengine. Nikalipa. Nilipomwomba nione ule ujumbe wa tokeni, alinitazama kama niliyemwomba nimwone akioga.

"Mama," akasema, "hapa kwangu watu wanaishi kwa amani. Mambo ya Kibera uache Kibera."

Nikanyamaza. Si kwa amani. Nilikuwa na mayai mia moja ndani ya mashine. Mtu mwenye mayai ndani hana mdomo mrefu.

Katika chumba cha mkabala na changu aliishi muuza omena, wale dagaa wadogo, mwanamke wa kutoka kando ya ziwa, mzito wa maneno, mwepesi wa kucheka. Mwezi ule mama yake alifariki. Alienda kuzika, akakaa wiki mbili, na aliporudi hakuja kunisalimia kwanza. Alikuja na ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na pumba, na ndani ya pumba mayai thelathini.

Matanga ya kwao ni kama ya kwetu: waombolezaji huja na huja, na kuku wa nyumba huchinjwa mmoja baada ya mwingine mpaka ua unabaki na manyoya. Mama yake alikuwa na kuku wa mbegu yake mwenyewe, wenye shingo wazi na miguu ya njano, ambao bibi yake alikuja nao alipoolewa. Huyu jirani yangu aliwaona wakiisha. Usiku wa kuamkia mazishi, wenzake wakiimba, alipita nyuma ya jikoni na kuyatoa mayai chini ya matetea waliokuwa wakilalia na waliokuwa bado wanataga, kabla kisu hakijawafikia. Shangazi zake walimwona, wakamsema kwamba anaiba katika nyumba ya msiba. Aliyatia kwenye ndoo, na baada ya mazishi akaondoka nayo. Aliyabeba mapajani usiku kucha ndani ya basi.

"Kuku wote wameisha," akaniambia. "Hata jogoo. Ni hii tu imebaki. Jirani, nisaidie."

Nilitaka kumwambia kwamba mayai yaliyotikiswa na basi huenda yasishike, na yale yaliyokwisha kulaliwa lazima yalipoa njiani. Badala yake nikatafuta penseli. Nilitia alama mwenyewe, kwa sababu mikono yake haikutaka kuiachia ndoo: msalaba mdogo kwenye kila yai. Siku ya saba niliyapima kwa tochi, nikimwita aone. Ukimulika yai zima kwa nyuma huonekana mishipa myekundu imetawanyika, na katikati kidoa kinachoruka. Kumi na tisa yalikuwa na mishipa. Alikaa na yai moja mkononi kwa muda mrefu, tochi ikimulika, akasema kitu kwa Kiluo ambacho hakunitafsiria. Baada ya hapo kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni alipita kwangu, anaweka mkono kwenye mlango wa ile friji, anaondoka.

Siku ya kumi na saba, Jumamosi, saa tano asubuhi, stima ikaenda.

Nilitoka uani. Wenzangu walikuwa wametoka pia. Nikatazama nje ya geti: kinyozi wa ng'ambo anaendelea kunyoa, redio ya fundi viatu inaimba. Si stima ya mtaa iliyoenda. Ilikuwa yetu peke yetu. Tokeni ilikuwa imeisha, na mwenye ploti alikuwa amekwenda kwao na mkewe kwa mambo ya mahari ya binti wa ndugu yake, nyumba yao imefungwa kwa kufuli mbili, kidude kiko ndani. Tukapiga simu. Mteja hapatikani. Tukapiga tena, hapatikani.

Mpangaji mmoja, fundi wa mabomba, akasema, "Atarudi Monday. Tuvumilie tu, si ni siku mbili."

Nikapandwa na hasira hata nikasikia masikio yakivuma. Siku mbili! Kwa mwenye balbu moja na redio, siku mbili ni usumbufu. Ndani ya chumba changu mlikuwa na vifaranga waliokwisha kuota manyoya, wamejikunja, wanasubiri siku nne tu. Mlango wa friji ulikuwa bado na joto mkononi lakini sindano ya kipimo ilikuwa imeanza kuteremka. Muuza omena alikuwa sokoni. Nilimpigia, nikamwambia bila kuzunguka, maana habari kama hiyo haipambwi. Alikuja mbio na aproni yake ya nailoni, ananuka samaki, akasimama mbele ya mashine akisema, "Zinakufa? Zinakufa?"

"Bado," nikasema. "Washa jiko."

Wanawake wa ploti wakawasha majiko yao yote. Tulichemsha maji, tukajaza chupa za plastiki na kibuyu kimoja cha uji, tukazifunga kwa matambara na kuzipanga kati ya trei za mayai, tukaifunika friji kwa blanketi mbili. Chupa zikipoa tunabadilisha. Sindano ikasita, ikapanda kidogo, ikateremka tena. Ilikuwa kama kumwogesha mgonjwa aliye na homa ya baridi, na nilijua hatutafika nayo Jumatatu. Hatungefika nayo hata jioni.

Ndipo nikaikumbuka ile foleni iliyonicheka. Nikatoa kidude changu cha Kibera chini ya kitanda, nikatia betri mpya, nikasimama katikati ya ua nikasema, "Tunanunua wenyewe."

Fundi wa mabomba akasema, "Mita si ni ya mwenyewe."

"Mita ni yake. Giza ni letu. Nani ana kiti kirefu?"

Hakuna aliyekuwa na kiti kirefu, ila palikuwa na pipa la maji la lita mia mbili. Tukalipindua chini ya kizimba cha mita, na muuza omena akapanda mwenyewe. Alikataa mtu mwingine kupanda. Uso wa mita ulikuwa na vumbi la miaka. Akapenyeza mkono kati ya vyuma, nao ukafika kwenye kiwiko ukakwama, akaufuta uso ule kwa ncha ya aproni yake iliyolowa maji ya samaki. Kisha akaanza kusoma kwa sauti, namba moja moja, na ploti nzima ikawa inazirudia kwa sauti kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Namba kumi na moja. Nikaziandika kwenye kiganja changu.

Tulichanga. Kila aliyekuwa na kitu alitoa, na fundi wa mabomba akatoa mwisho, akinung'unika. Nikatuma. Halafu ujumbe haukuja. Dakika tano, kumi, ishirini. Mtu wa tokeni anaujua mngojeo huo, pesa imeshatoka na namba haijaingia, na huna wa kumshika shati. Hapo ndipo nilipoichukia hiyo tokeni kabisa. Bwana wa sambaza ungemtukana mbele ya macho yake. Hii ungemtukana nani? Wanawake waliendelea kubadilisha chupa. Muuza omena alikuwa ameingiza mayai yake manne ndani ya sidiria, kwenye kifua chake, akakaa sakafuni.

Simu ikalia saa tisa kasoro. Namba ishirini. Nikaingiza kwanza namba ya mita, kidude kikafikiri, taa nyekundu ikawa ya kijani. Kisha nikabonyeza zile ishirini, watu wameniinamia hata sikuweza kupumua. Nilikosea moja, nikarudia tangu mwanzo. Kikalia.

Redio zote za ploti yetu ziliamka pamoja, kila moja na stesheni yake. Watu walipiga kelele hata kinyozi wa ng'ambo akaja kuangalia. Na kitu kingine kilionekana, ambacho sikukipanga: kidude kiliandika uniti tulizopata, na kila mtu aliziona. Watu wakaanza kutazamana. Fundi wa mabomba akauliza taratibu, "Kumbe hii pesa kidogo ndio inaleta hizi zote?" Kila mmoja akaanza kuhesabu pesa alizopeleka Jumamosi zote.

Mwenye ploti alirudi Jumatatu. Alikuta stima inawaka, na badala ya kushukuru akauliza nani ameiba. Nikamjibu mimi, mbele ya wote, kwamba mtu hawezi kuiba kitu kwa kukilipia.

"Leta hiyo kitu hapa," akasema.

"Hii ni yangu. Nimetoka nayo Kibera."

"Basi urudi nayo Kibera! Mwisho wa mwezi sitaki kukuona kwa ploti yangu."

"Mzee, namba ya mita yako tumeijua sote. Hata ukinifukuza, hiyo huwezi kuifukuza."

Nilitazama wenzangu waseme neno. Wengine walitazama viatu vyao. Sikuwalaumu sana, kutafuta nyumba Nairobi ukiwa na watoto si mchezo. Lakini iliniuma, na bado nasema iliniuma. Jioni ileile mwenye ploti alipanda ngazi akakata waya uendao chumbani kwangu peke yangu. Siku ya kumi na tisa.

Nilikuwa bado nimesimama na matusi yangu mdomoni pale muuza omena alipofungua dirisha lake na kurusha ekstensheni. Ilivuka ua, chini ya kamba za nguo, ikaingia kwangu. Balbu nne zikawaka. Nilicheka kwa uchungu. Mimi, niliyewatukana watu wa sambaza kwa miaka, nilikuwa nimesambaziwa. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Meza tu hiyo maringo, jirani. Geuza mayai."

"Siku hizi hayageuzwi tena," nikamwambia. "Sasa ni kungoja."

Tukangoja. Siku ya ishirini na moja haikusikika hata sauti moja. Mayai yaliyopoa huchelewa, hilo nilimwambia, lakini pia mayai yaliyokufa hayaji, na hilo sikumwambia. Hakwenda sokoni. Siku ya ishirini na mbili aliketi sakafuni kwangu tangu asubuhi, sikio kwenye mlango wa friji, na alipoanza kunisimulia habari za mama yake nilijua amekata tamaa. Alisema hakulia kaburini. Alisema watu walidhani ana moyo wa jiwe, kumbe alikuwa anaogopa mtu asiiguse ile ndoo.

Alfajiri ya ishirini na tatu yai moja lenye msalaba lilitoboka.

Kufikia saa mbili yalikuwa saba. Kufikia saa nne vifaranga walikuwa kumi na mmoja, waliolowa na wabaya kuangalia kama vifaranga wote walivyo mwanzoni, shingo wazi, miguu ya njano. Yaliyobaki manane hayakufunguka. Tulikuwa tunawahamisha waliokauka kwenda kwenye katoni ili awapeleke kwake, kwenye joto la jiko, mlango wangu ulipofunikwa na kivuli. Mwenye ploti alikuwa ameuona waya wa ekstensheni uani, akaufuata kama mtu anayefuata mkia wa panya, mpaka kwangu. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Notisi," akasema. "Na hii stima, nani amekuruhusu?"

Niliipokea. Katoni ilikuwa na shimo chini, na vifaranga wanataka kitu kikavu miguuni. Nikaikunja ile karatasi mara mbili, nikaitandika, nikawaweka juu yake. Mmoja aliinyea papo hapo. Uso wa mwenye ploti ulibadilika rangi, akafungua mdomo, akapanua mikono akashika nguzo mbili za mlango, kusudi asipite mtu.

Muuza omena akasimama na katoni yake. Hakuwa ameongea naye tangu aje na ndoo. Machozi yalikuwa yanamtoka, yale ya makaburini yaliyochelewa, na hakuyafuta kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika.

"Mzee, tupishe mlangoni," akasema. "Huyu ni mama yangu anapita."

Mwenye ploti akatazama ndani ya katoni. Vifaranga walikuwa wanalia wote kwa pamoja. Akashusha mkono mmoja, kisha wa pili. Akavua kofia yake, kama wanaume wanavyofanya jeneza likipita, akapisha.